Mtindio wa ubongo: jeraha halikui, mtoto anakua

Mzazi anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wake ana mtindio wa ubongo, swali linalomtoka karibu kila mara ni moja: je, atapona? Jibu la kitaalamu ni kwamba sehemu ya ubongo iliyojeruhiwa haitarudi kuwa kama ilivyopaswa kuwa, na hapo ndipo mazungumzo mengi kati ya daktari na familia yanapokatika, kwa sababu mzazi amekwisha kusikia "hapana" na hakuna aliyebaki kumweleza nusu ya pili ya jibu. Nusu hiyo ni kwamba jeraha lenyewe halienei wala haliongezeki. Kinachobadilika mwaka hadi mwaka ni mwili unaokua pamoja na jeraha hilo: misuli, mifupa, nyonga, mapafu, uzito, usemi. Mengi yanayomtesa mtoto wa miaka 6 hayakuwapo alipokuwa na miezi 6. Yalijengeka polepole kutokana na namna alivyolazwa, alivyolishwa, alivyobebwa na alivyoachwa bila kusemeshwa. Makala haya yanahusu nusu hiyo ya pili, hasa katika miaka 5 ya mwanzo.

Mtindio wa ubongo si ugonjwa mmoja bali ni jina la pamoja la matatizo ya kudumu ya mwendo na mkao wa mwili, yanayotokana na ubongo kujeruhiwa au kutoumbika sawasawa wakati bado unakua: tumboni, wakati wa kujifungua, au katika miaka michache ya mwanzo ya maisha. Hauambukizi, na ni tofauti na polio, ambayo hushambulia neva za uti wa mgongo na kuuacha mguu umelegea. Vilevile si sawa na ulemavu wa akili, ingawa mitaani mambo hayo mawili huchanganywa kila siku. Tafiti zilizojumlisha takwimu za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takriban nusu ya watoto hawa wana kiwango fulani cha ulemavu wa akili. Maana yake ni kwamba nusu nyingine hawana, na miongoni mwao wamo wasioweza kutamka hata neno moja kwa sababu misuli ya ulimi na taya haiwatii. Mtoto wa namna hiyo huelewa yanayosemwa juu yake mbele yake, yakiwemo yale ambayo watu wazima wangeyasema faragha kama wangejua.

Kuhusu chanzo, watu wengi hushika maelezo ya aina moja tu: mtoto alizaliwa amechoka, hakulia, ubongo ukakosa hewa. Maelezo hayo yana historia ndefu. Mwaka 1861 daktari mpasuaji wa Kiingereza, William John Little, aliwasilisha mjini London visa vya watoto waliokakamaa viungo baada ya uzazi mgumu au kuzaliwa kabla ya wakati, na kwa miaka mingi hali hiyo iliitwa kwa jina lake. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye kabla ya umaarufu wake wa baadaye alikuwa daktari wa neva mjini Vienna, alihoji kama uzazi mgumu si matokeo badala ya kuwa chanzo: huenda mtoto aliyekwisha kupata hitilafu tumboni ndiye anayezaliwa kwa shida. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Katika nchi tajiri, tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kukosa hewa wakati wa kujifungua ndiko chanzo cha sehemu ndogo tu ya visa, ilhali huku kwetu, ambako mama anaweza kufika hospitali baada ya saa nyingi za uchungu kwa sababu ya barabara, nauli au foleni ya chumba cha upasuaji, sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Kuna pia watoto njiti, ambao mishipa ya damu ya ubongo wao ni dhaifu, na kuna maambukizi ya ujauzitoni na ya siku za mwanzo baada ya kuzaliwa.

Manjano ya mtoto mchanga, yaani ngozi na macho kugeuka rangi ya njano, yanastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa madhara yake yanazuilika. Mtoto mchanga ambaye manjano yake yanaonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yamefika viganjani na kwenye nyayo, anahitaji kupimwa siku hiyohiyo na pengine kuwekwa kwenye mwanga maalumu wa hospitali. Kumwanika juani asubuhi, ushauri ambao wazazi wengi wamepewa na watu wanaowatakia mema, hakutoshi kuzuia manjano makali yasiingie ubongoni, na yakiingia huacha mtindio wa aina ya mwili kujinyonganyonga, mara nyingi pamoja na uziwi.

Kisha kuna watoto waliozaliwa salama kabisa. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba watoto karibu 3 kati ya kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, na kwamba takriban robo yao waliupata baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, mara nyingi kufuatia maambukizi yenye homa na degedege, kama inavyotokea malaria inapopanda kichwani. Ndiyo sababu degedege lisiloisha ni dharura ya hospitali, hata kama familia inaamini kuwa lina upande mwingine unaohitaji mganga. Upande huo unaweza kusubiri hadi kesho, ubongo hauwezi.

Maelezo haya ya chanzo yana kazi moja ambayo haihusiani na matibabu. Katika familia nyingi lawama humwangukia mama: alivunja miiko ya ujauzito, ukoo wao una mikosi, alitoka nje ya ndoa, kuna deni la mizimu halijalipwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojeruhi ubongo wa mtoto. Daktari anayetumia dakika 10 kueleza chanzo mbele ya baba na bibi mzaa baba amefanya kazi inayoweza kuamua kama mtoto atalelewa na wazazi wawili au mmoja, na kwa maoni yangu ni kosa kubwa kwamba maelezo hayo kwa kawaida hupewa mama peke yake, naye ndiye anayetumwa nyumbani kwenda kuyatetea.

Mara nyingi jambo la kwanza kuonekana ni kuchelewa. Mtoto wa miezi 4 ambaye shingo yake haijakaza, mtoto wa miezi 9 asiyeweza kukaa, mtoto anayefumba ngumi muda wote, ambaye miguu yake hupishana anapoinuliwa, ambaye mgongo wake hujipinda kwa nyuma kila anapobebwa, au anayenyonya kwa taabu na kupaliwa kila mara, anastahili kuonwa na daktari wa watoto. Dalili moja huwapotosha wengi: mtoto wa miezi 8 anayeshika kila kitu kwa mkono wa kulia husifiwa kwa kuwa na nguvu, ilhali kabla ya kutimiza mwaka mmoja mtoto hatarajiwi kuwa na mkono anaoupendelea, na upendeleo huo wa mapema huashiria kwamba mkono wa pili una shida. Kauli ya kwamba kila mtoto ana wakati wake ni ya kweli kwa mtoto aliyechelewa wiki chache. Ikirudiwa mpaka anatimiza miaka 2, inakula miezi ambayo ubongo wake ulikuwa mwepesi zaidi kujifunza njia nyingine za kufanya mambo.

Watoto hawa hawafanani. Kwa takriban asilimia 80 misuli hukakamaa, iwe ni ya mkono na mguu wa upande mmoja, ya miguu yote miwili zaidi ya mikono, au ya mwili mzima pamoja na shina la mwili. Wengine mwili hujinyonganyonga bila wao kutaka, hasa wanapojaribu kufanya jambo au wanapofurahi, na wachache hukosa uwiano, wakayumba na kutetemeka. Wapo pia wanaoanza wakiwa walegevu kama watoto wasio na mifupa, kisha wakakakamaa baadaye, jambo linalomfanya mzazi aamini kwamba ugonjwa umezidi au kwamba daktari wa kwanza alikosea. Tofauti hizi si za vitabuni tu, kwa sababu ushauri uliomfaa mtoto wa jirani unaweza kumdhuru wako.

Swali la pili la mzazi, baada ya lile la kupona, ni kama mtoto atatembea. Hapa kuna mambo yanayojulikana kuliko wazazi wanavyoambiwa. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walitoa kipimo cha ngazi 5 kinachotumika leo karibu duniani kote: mtoto wa ngazi ya 1 hutembea na kukimbia japo kwa kasoro, wa ngazi ya 3 hutembea kwa kushikilia kifaa, na wa ngazi ya 5 hupata taabu hata kuinua kichwa chake bila kutegemezwa. Walipofuatilia mamia ya watoto waliona kwamba kwa wastani mtoto hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wake wa mwendo kufikia umri wa miaka 5, na wale wa ngazi ya 5 hufikia mapema zaidi, kabla ya miaka 3. Madaktari wana kigezo kingine rahisi: mtoto anayekaa bila kushikiliwa kufikia miaka 2 ana matumaini makubwa ya kutembea kwa namna fulani, na asiyekaa mpaka miaka 4 kwa kawaida hatatembea peke yake.

Kwa mzazi takwimu hizo ni nzito, na baadhi ya wahudumu huona ni huruma kuzificha. Mimi naona kuzificha ndiko ukatili, kwa sababu familia isiyojua hutumia miaka na mifugo yote ikitafuta miguu, huku mtoto akikosa kiti, akikosa chakula cha kutosha na akikosa shule. Mtoto ambaye hatatembea bado anaweza kujifunza kukaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa kipimo chake, kugeuka kitandani, kushika kijiko, kuchagua nguo, kumwita kaka yake kwa macho. Hayo yote hufundishika, lakini hayafundishiki iwapo kila mtu ndani ya nyumba anasubiri siku atakayosimama.

Huduma za mazoezi ya viungo zipo, ila kwa wengi ziko mbali. Dar es Salaam kuna hospitali za Muhimbili na CCBRT. Moshi kuna hospitali ya KCMC, ambako pia husomeshwa mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa tegemezi. Kenya kuna matawi ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, likiwemo la Mombasa. Uganda kuna hospitali ya CoRSU, iliyoko Kisubi kwenye barabara ya kwenda Entebbe. Hata anayeishi karibu na kuhudhuria saa 1 kila baada ya wiki 2 atapata saa 26 kwa mwaka, na mwaka una saa 8,760. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kazi halisi ya mtaalamu wa mazoezi ni kumfundisha mlezi namna ya kuzitumia saa zilizobaki, na mlezi anayerudi nyumbani bila kuwa yeye mwenyewe amemshika mtoto mbele ya mtaalamu na kusahihishwa amepoteza nauli yake.

Zipo njia za asili ambazo wazazi huzijaribu kabla ya kufika huko, na si haki kuzicheka zote kwa pamoja. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto asiyesimama huchimbiwa shimo mchangani na kufukiwa hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Wazo lililo nyuma yake si la kipuuzi, kwa kuwa kusimama kwa kutegemezwa husaidia mifupa na nyonga, na hospitalini hufanywa kwa stendi ya mbao yenye mikanda. Tatizo ni kwamba shimo halishikilii kifua wala halinyooshi magoti, mtoto hulia peke yake juani, na mwili unaolia hukakamaa zaidi. Stendi inaweza kutengenezwa na seremala wa mtaani akipewa vipimo. Kuchua kwa mafuta, kwa upande wake, humburudisha mtoto na kumkaribisha kwa mzazi wake, na hilo ni jema, lakini hakurefushi msuli uliofupika. Msuli hurefushwa na mkao unaodumu muda mrefu, na hukua kwa kutumiwa katika jambo ambalo mtoto mwenyewe analitaka, kama kuufikia mpira au kukishika kipande cha chungwa. Mazoezi ambayo mtu mzima huyafanya kwa kuikunja na kuinyoosha miguu ya mtoto aliyelala tu, bila mtoto kushiriki, yana faida ndogo kuliko inavyoaminika.

Kubeba ni mazoezi pia. Mtoto ambaye miguu yake hupishana ananufaika anapobebwa mgongoni kwa mbeleko au kiunoni, mapaja yakiwa yametanuka kuzunguka mwili wa mlezi, kuliko anapolazwa mikononi amenyooka. Wazazi wa mjini walioacha mbeleko kwa ajili ya kigari cha mtoto wameacha kifaa kizuri. Mtoto anayejipinda kwa nyuma hatulizwi kwa kusukumwa kichwa mbele, kwa kuwa kichwa kitasukuma zaidi. Hukunjwa kwanza kwenye nyonga na magoti, na mgongo hufuata wenyewe. Kulala chali siku nzima kwenye mkeka ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu huigeuza nyonga, hupinda uti wa mgongo na humnyima mtoto chochote cha kutazama isipokuwa bati. Kubadilisha mkao mara kwa mara, akiwa upande huu, kisha ule, kisha amelala kifudifudi juu ya mto ulioviringishwa chini ya kifua ili ainue kichwa, kisha ameketi, hakugharimu fedha. Kwa kiti, ndoo ya plastiki iliyokatwa upande mmoja na kutandikwa nguo, au kona ya ukuta yenye mito, humsaidia mtoto mdogo mpaka kipatikane cha kudumu. Wapo mafundi wanaotengeneza viti imara kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, ufundi ulioanzia Zimbabwe, na viti hivyo hubeba uzito wa kushangaza ilimradi visilowe.

Hata hivyo, kama mlezi angekuwa na nguvu ya kurekebisha jambo moja tu mwaka huu, ningemwambia arekebishe chakula. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka 4 watoto wa Iganga na Mayuge waliona kwamba vifo miongoni mwa wenye mtindio wa ubongo vilikuwa takriban mara 25 ya vifo vya watoto wengine wa eneo hilohilo, na waliokuwa hatarini zaidi ni wenye ulemavu mkubwa wa mwendo na wale wenye utapiamlo mkali. Watoto hao hawafi kwa jeraha la ubongo. Wanakufa kwa malaria, upungufu wa damu, nimonia na maradhi mengine ambayo mwili uliokonda hauwezi kuyabeba.

Chanzo cha kukonda ni rahisi kukieleza na kigumu kukitatua. Mtoto ambaye ulimi wake husukuma chakula nje huchukua saa nzima kumaliza kikombe cha uji. Mama ana watoto wengine, ana kuni, ana genge, kwa hiyo humlaza mtoto mapajani, humwinamisha kichwa nyuma na kumimina. Uji hushuka haraka, na sehemu yake huingia kwenye njia ya hewa. Mtoto hupaliwa, hukohoa, na wiki 2 baadaye ana homa na kifua. Hupewa dawa, hupona, hulishwa vilevile, huumwa tena. Baada ya mizunguko michache mtoto huogopa kijiko, hufunga mdomo, na familia humwita mbishi. Wapo pia wanaopaliwa bila kukohoa, na hao hujulikana kwa macho kulengalenga machozi, sauti kukwaruza baada ya kula, na nimonia zisizoisha.

Marekebisho huanza kwenye mkao. Mtoto aketi wima iwezekanavyo, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa, kichwa katikati, kidevu kikiwa kimeinama kidogo tu kuelekea kifuani, na mlishaji aketi mbele yake, usawa wa macho yake au chini kidogo, kwa sababu mtoto hufuata uso wa anayemlisha, na akiangalia juu shingo hurudi nyuma. Kijiko kiwe kidogo na kisicho na kina kirefu, kishuke katikati ya ulimi kwa mkandamizo mwepesi, na mlishaji asubiri mpaka tonge limezwe kabla ya kuleta jingine. Vyakula vyepesi kama chai, maji na supu ndivyo vinavyopalia zaidi, kwa kuwa hukimbia kuliko koo linavyoweza kujiandaa. Uji mzito, ndizi iliyopondwa, viazi vilivyosagwa na maziwa au parachichi hudhibitika kwa urahisi. Mchanganyiko wa ugali mlaini wenye vipande vya nyama ndani ni mgumu kuliko vyote, kwani mdomo unatakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mtoto huchoka kabla ya kushiba, kila kijiko kibebe nguvu ya kutosha: kijiko cha mafuta ya kula au siagi ya karanga ndani ya uji, yai lililovurugwa ndani ya mchuzi mzito, dagaa waliosagwa laini. Milo 5 au 6 midogo ni bora kuliko 3 ya vita. Baada ya kula akae wima kwa nusu saa, asafishwe mdomo, na maji apewe kidogokidogo siku nzima, vinginevyo choo kitakuwa kigumu, na mtoto mwenye choo kigumu hukakamaa, hulia na hukataa chakula. Wale ambao hata kwa juhudi zote hawaongezeki uzito wanahitaji daktari, na kwa baadhi yao mpira wa kulishia unaopitishwa tumboni ndiyo njia salama. Kadi ya kliniki, ambayo familia nyingi huacha kwenda nayo kwa kuona haya, ndiyo inayoonyesha mapema kama uzito umesimama.

Takriban mtoto 1 kati ya 4 mwenye mtindio wa ubongo ana kifafa pia. Dawa zake zipo, za zamani na za bei nafuu, na mambo mawili huharibu matibabu: kuziacha ghafla mtoto anapopata nafuu, kitendo kinachoweza kuleta degedege lisilokoma, na kuendelea na dozi ileile miaka 2 ilhali uzito wa mtoto umeongezeka maradufu. Mtoto anapotukutika alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, asitiwe chochote mdomoni, na ikipita dakika 5 apelekwe hospitali.

Maumivu hutajwa mara chache, ingawa tafiti zinaonyesha kwamba watoto 3 kati ya 4 huyapata. Kwa asiyesema, maumivu hujionyesha kwa kilio cha usiku, kukakamaa ghafla, au kukataa mkao alioupenda jana. Nyonga ndiyo ya kushukiwa mapema, kwa kuwa kwa takriban theluthi ya watoto hawa mfupa wa paja husogea polepole kutoka kwenye kikombe chake, bila kelele, hasa kwa wasiotembea. Mlezi anayeona kwamba paja moja halitanuki wakati wa kubadilisha nepi, au kwamba goti moja liko chini kuliko jingine mtoto anapolazwa chali na kukunjwa miguu yote miwili, aombe picha ya eksirei ya nyonga bila kusubiri kupewa.

Mawasiliano hayaanzi na maneno. Kabla ya kutafuta namna ya kumfanya mtoto aseme, tafuta namna anayotumia sasa: anayeinua macho akitaka zaidi, anayegeuza uso akikataa, anayetoa sauti moja kwa furaha na nyingine kwa njaa, tayari anawasiliana, na kazi ya familia ni kujibu kwa namna ileile kila mara ili ajue kwamba ishara yake ina nguvu. Kumwonyesha kikombe na ndizi na kusubiri macho yake yatue, hata kama ni kwa sekunde 20, humfundisha kuchagua. Kusubiri huko ndiko kugumu. Watu wazima hujaza ukimya, na mtoto ambaye ubongo wake unahitaji muda kuandaa jibu hukuta swali limekwisha kujibiwa na shangazi. Masikio na macho yapimwe mapema, hasa kwa aliyepata manjano au homa ya uti wa mgongo, kwa sababu asiyesikia hudhaniwa kuwa hana akili. Watoto wenzake ni walimu wazuri kuliko sisi; dada wa miaka 7 anayemvuta kwenye mchezo wa kupikapika humfanya anyooshe mkono mara nyingi kuliko zoezi lolote.

Pale penye swali lisilo na jibu la haraka, wauzaji hawakosi. Wapo wanaouza dawa za kuamsha ubongo, wanaoahidi matibabu ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, nje ya nchi kwa fedha zinazolazimu familia kuuza kiwanja, na wanaouza vikao vya hewa ya oksijeni yenye mkandamizo, ambavyo majaribio hayakuonyesha kuwa vinasaidia. Sindano za kulegeza misuli na upasuaji wa mifupa zina mahali pake, kwa mtoto fulani na kwa lengo fulani, na daktari anayezipendekeza anapaswa kuweza kulitaja lengo hilo kwa sentensi moja: ili avae viatu vya kusimamia, ili asafishike, ili apunguziwe maumivu. Ombi la mzazi kwa Mungu ni lake, wala halishindani na zoezi. Kinachoshindana nalo ni yule anayemwambia aache dawa za kifafa ili kuonyesha imani.

Yote haya hufanywa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mmoja. Mama wa mtoto wa ngazi ya 5 huamka usiku kumgeuza, hutumia masaa kulisha, hushindwa kufanya biashara, na mgongo wake huanza kuuma mtoto afikapo kilo 15. Vikundi vya wazazi, ambavyo vimejengeka kuzunguka hospitali na vituo vingi vya mazoezi, humpa mambo mawili ambayo daktari hana: mtu wa kumshikia mtoto kwa saa 2, na mtu ambaye mtoto wake amekwisha kufika umri unaomwogopesha yeye. Baba aliyefundishwa kulisha hubaki nyumbani zaidi kuliko aliyeombwa nauli tu. Hilo sina takwimu yake, ni maoni.

Mtoto anapokaribia miaka 4, suala la shule halina budi kuanza, kwa sababu maandalizi yake ni ya muda mrefu. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya mtoto huyu ya kusoma, na Kenya ina vituo vya tathmini ya kielimu, vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo humpima mtoto na kushauri kama anafaa darasa la kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Mwalimu mkuu anayesita kwa kawaida ana hofu tatu zisizotajwa: choo, chakula na degedege. Mzazi anayefika na maelezo ya namna mtoto anavyolishwa, ratiba ya dawa zake, na kiti chake mwenyewe huwa amejibu zote tatu kabla hazijaulizwa. Kiti hicho kipimwe upya kila baada ya miezi 6, kwani kilichomkaa vizuri Januari kinaweza kuwa kimemwacha nyayo zikining'inia ifikapo Desemba, na mtoto ambaye nyayo zake hazigusi kitu hawezi kutuliza mikono yake kushika kalamu.